Nataka maua ya machipuko chumba cha mtoto, mume hataki, na ukuta unatoa chumvi

"Shikamoo. Niko Kigoma, huku Mwanga, tuna nyumba ya vyumba viwili tumejenga wenyewe na mtoto wetu wa kwanza ana miezi minne. Kuna picha nimeiona kwenye simu, matawi yana maua meupe juu ya bluu, nikaambiwa ni maua ya springi ya Ulaya, nikaipenda mpaka nikaitafuta, kumbe kuna wolpepa yake ya kubandika. Nataka niiweke chumba cha mtoto. Baba yake hataki, anasema maua ni mambo ya saluni, nyumba ya kisasa haina maua, ni nyeupe na kijivu basi. Afu mama mkwe kaniletea vitambaa vya makochi kafuma mwenyewe, vina maua, navionea aibu nimevikunja kabatini. Ukuta mmoja wa hicho chumba unatoa chumvi kwa chini, fundi kasema wolpepa itaficha. Na nilitaka niagize vitunguu vya tulip nipande mlangoni. Pesa ni kidogo. Nianzie wapi, na je ni kweli maua ni ushamba?"

Marahaba mdogo wangu, na hongera sana ya mtoto. Nimesoma swali lako mara mbili manake ni kama maswali matano kwenye gunia moja, ila naona linalokukereketa ni moja tu, umependa kitu kwa moyo wako wote na unaogopa watu watakiona cha kishamba. Hilo ntalijibu kwa urefu. Ya ukuta ntayajibu pia na nakuomba usiyapuuze, hayo ndo yanaweza kumuumiza mtoto.

Tuanze na picha yenyewe. Huo ni mchoro wa Vincent van Gogh, Mholanzi, aliuchora Februari 1890 akiwa kusini mwa Ufaransa, na mti ni mlozi, ule unaozaa lozi tunazotia kwenye halua, usiuchanganye na mkungu wetu. Wengi wanasema ni cheri, si cheri. Mlozi kule una haraka, baridi haijaondoka vizuri wenyewe ushachanua na majani bado hayajatoka, ndo maana unaona maua yamekaa kwenye matawi matupu. Sasa sikia kwa nini aliuchora. Mdogo wake, Theo, alikuwa amepata mtoto wa kiume tarehe 31 Januari mwaka huohuo, na yeye na mkewe wakampa mtoto jina la baba yake mkubwa, Vincent. Huyo baba mkubwa wakati ule alikuwa anaishi kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili, hana pesa, hana mke wala mtoto, akachukua rangi akachora mlozi kwa ajili ya chumba cha kulala cha wale wazazi wapya. Na yule mtoto alipokuwa mtu mzima ndo alisimamia mpaka michoro ya baba yake mkubwa ikapata nyumba yake, makumbusho yaliyofunguliwa Amsterdam mwaka 1973, na huo mlozi uko humo mpaka leo.

Kwa hiyo wewe, mama wa Mwanga, hukuambiwa na mtu yeyote, umeangalia picha ukasema hii ni ya chumba cha mtoto, na ni kweli ilichorwa kwa ajili ya mtoto mchanga. Jicho lako liko sawa. Halafu angalia tena jinsi matawi yalivyokaa, hakuna ardhi, hakuna nyumba, hakuna upeo, ni matawi na mbingu tu, kama anavyoona mtu aliyelala chali chini ya mti, na mwanao wa miezi minne saa nyingi za siku yuko hivyohivyo, chali, anaangalia juu.

Kuna jambo lingine kwenye huo mchoro ambalo ndo msingi wa ushauri wangu wote. Van Gogh hakuitoa hiyo namna ya kuchora kichwani mwake, yeye na Theo walikuwa wanakusanya picha za kuchapwa za Wajapani, mamia, na Wajapani ndo waliokuwa wanachora tawi likikatiza karatasi, mistari iko wazi, nyuma rangi moja tulivu. Yeye akachukua namna yao ya kuangalia akaipeleka kwenye mti uliokuwa mbele yake. Hakuagiza mti kutoka Japani. Na wewe ndo nataka ufanye hivyo, chukua namna ya kuangalia, mti tumia wa kwako, ntakuja kukueleza namna gani.

Sasa baba mtoto. Usimkasirikie, manake hilo neno lake hakulitunga yeye, lina zaidi ya miaka mia moja. Mwanzoni mwa karne ya 20 walitokea wasanifu majengo Ulaya, mmojawapo Adolf Loos wa Vienna, wakasema nakshi ni kupoteza nguvu za fundi na pesa ya mwenye nyumba, nyumba iwe safi, tupu, nyeupe. Walikuwa na hoja, nyumba za matajiri wa wakati ule zilikuwa zimejaa mapambo mpaka huwezi kupumua. Hizo kuta nyeupe na kijivu mnazoziona kwenye simu ni wajukuu wa hoja hiyo. Lakini kusema usasa na maua havikai pamoja, hapana, hilo sikubali hata kidogo. Van Gogh huyohuyo mwaka 1888 alichora alizeti kwa ajili ya kupamba nyumba yake ya Arles, mji wa Ufaransa, kwa sababu rafiki yake Gauguin alikuwa anakuja kukaa naye, mwanaume anampambia mwanaume mwenzake chumba, kwa maua. William Morris, Mwingereza, alitumia maisha yake kuchora wolpepa na vitambaa vya maua na ndege, na kile kitambaa chake cha mwaka 1883, ndege wanaiba stroberi, mpaka leo kinachapwa na watu wanashonea mapazia. Na kuna kisa cha Finland nakipenda kuliko vyote, kampuni ya vitambaa ya Marimekko, bosi wake Armi Ratia alitangaza hataki maua kwenye vitambaa, ua ni zuri porini, kwenye kitambaa linaharibika. Mchoraji wake mmoja, Maija Isola, akachora ua kubwa kupindukia la mpopi, jekundu na pinki, bapa kama limekatwa na mkasi, bosi mwenyewe akalikubali. Ilikuwa 1964. Mpaka leo ukitaja hiyo kampuni watu wanaliona hilo ua kichwani.

Halafu yupo Georgia O'Keeffe wa Marekani, huyu ukimwelewa hutaona aibu tena. Alikuwa anachora ua moja linajaza kitambaa kizima cha kuchorea, akisema watu wa New York wana haraka hawaangalii ua, basi atalichora kubwa mpaka washtuke walione. Ua lake jeupe la mwaka 1932 liliuzwa mnadani mwaka 2014 kwa zaidi ya dola milioni 44. Unajua ni ua gani? Ni mnanaha. Mnanaha huuhuu unaoota majalalani, ambao wazee wanatukataza tusiushike kwa sababu una sumu. Yeye aliuangalia tu kwa muda mrefu kuliko wengine.

Na kama baba mtoto bado anabisha usimpeleke mbali, mwambie aangalie kofia ya mkono ya mzee yeyote anayetoka msikitini Ujiji siku ya Ijumaa, ile nakshi kuzunguka kichwa ni nini kama siyo maua na majani? Au milango ya kuchongwa ya nyumba za zamani za Waswahili, fremu nzima mawaridi yamefuatana kuanzia chini mpaka juu, wamechonga wanaume, wakawawekea wanaume. Saluni zimekuja juzi.

Ila nimtendee haki, nusu ya anachosema ni kweli. Kuna vyumba vimekufa kwa maua, umevikuta, pazia maua, kochi maua, kapeti maua, juu ya meza maua ya plastiki yana vumbi la mwaka juzi, unakaa dakika kumi kichwa kinauma. Shida hapo siyo maua. Jicho linapoingia chumbani linatafuta mahali pa kutua, likikuta kila sehemu pana mchoro unaorudiarudia wa ukubwa uleule na rangi zinazopigana, linahangaika, halipati pa kupumzika, na wewe unasikia uchovu hujui umetoka wapi. Watu wa kanga walilijua hili zamani, kanga ina mji katikati na pindo kuzunguka pande zote, pindo ndo linaliambia jicho mchoro unaishia hapa. Ndo maana kanga inaweza kuwa na rangi kali kiasi gani na bado imetulia. Chumba nacho kifanye hivyo, kichague kiwe na mji mmoja, sehemu moja tu ya maua, kuta zilizobaki ziwe kimya. Ukimweleza hivyo baba mtoto anapata kuta zake tulivu tatu, wewe unapata wako mmoja, na nakuhakikishia huo mmoja utaonekana kuliko ungeweka yote minne.

Sasa mti wa kwako. Hilo neno springi Kiswahili chake ni machipuko, na mimi nikilisikia hilo neno siioni Ulaya kabisa, naiona Tabora ninakoishi mwezi wa Septemba kuelekea Oktoba. Jua kali, vumbi, nyasi zimeungua, mvua hata harufu yake hakuna, halafu asubuhi moja unakuta miombo imechipua, majani mapya mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine kama divai, msitu mzima unawaka. Miti ile ina mizizi mirefu na maji imejiwekea, haisubiri mvua, na ule wekundu unasaidia kulikinga jani changa na jua mpaka likomae ligeuke kijani. Baadae maua yake yanakuja na nyuki wanaingia kazini, asali ya Tabora inayosifiwa imetoka humo. Ukipanda treni kuja huko kwenu mwezi huo, dirishani ni hiyo rangi masaa na masaa. Hayo ni machipuko kamili, hayana theluji tu. Na Kigoma mna miembe ambayo ikichanua wakati wa kipupwe inatoa mashada ya rangi ya krimu na wekundu kidogo, mna mikrismasi ambayo Novemba na Desemba inakuwa mwavuli mwekundu. Nenda chini ya mmoja ulale chali na mtoto. Piga picha tawi likiwa na anga tu nyuma. Hapo ushapata mchoro wako, na hakuna nyumba nyingine duniani yenye huo.

Kuuhamishia ukutani siyo kazi ya kutisha. Henri Matisse, mchoraji Mfaransa, alipokuwa mzee, ameshafanyiwa operesheni kubwa na kusimama kuchora hawezi, alikuwa anapakiwa rangi makaratasi na wasaidizi halafu anayakata kwa mkasi, majani na maua, wasaidizi wanayabandika ukutani anawaelekeza akiwa kitandani au kwenye kiti cha magurudumu, na kazi zile ni kati ya nzuri zaidi alizowahi kufanya. Kwa hiyo anza na karatasi. Kata ua moja la petali tano na jani moja na kipande cha tawi, vitatu tu, vibandike kwa solotepu uangalie kutoka mlangoni, sogeza, acha nafasi, acha nafasi nyingi kuliko unavyotaka. Ukiridhika chora hayo maumbo kwenye kitu kigumu kisicholowa, filamu ya zamani ya eksirei inafaa sana, kata kwa wembe ubaki na tundu, hiyo ndo stensili. Rangi ni ya maji, nyuma bluu iliyopoa, yaani nyeupe nyingi unatia bluu kidogo na tone la kijani, uipake kipande uiangalie mchana na usiku taa ikiwaka kabla hujapaka ukuta mzima, manake taa ya njano itaipeleka kwenye ukijani. Maua unapachika kwa sponji, unachovya kidogo unaifutia kwenye gazeti ibaki karibu na kukauka halafu unagongagonga, usiburute, ukiburuta rangi inapenya chini ya stensili. Rangi ya mafuta usitumie chumba cha mtoto, inanuka siku nyingi na baadhi zimewahi kukutwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto, kwa hiyo hata hiyo ya maji soma kopo uone imeandikwa haina risasi. Mtoto asilale humo mpaka harufu iishe kabisa, na chochote chenye fremu kisining'inie juu ya kichwa chake.

Rangi zitapauka, hilo nalo ulijue mapema. Jua linavunjavunja rangi, na nyekundu ndo inatangulia, hata ukuta wa chumba cha kulala alichochora Van Gogh leo tunauona wa bluu wakati ulikuwa zambarau, wekundu wote ushakufa. Dirisha la chumba kama linapigwa na jua la jioni, maua yaweke ukuta ambao jua haliufikii moja kwa moja.

Vitambaa vya mama mkwe vitoe kabatini leo. Mimi nafundisha uchoraji na nakwambia kufuma ua ni hesabu, anaanza na kiduara cha katikati, anazunguka, petali zinahesabiwa, akikosea tundu moja duara linajikunja halilali, na amefanya yote hayo jioni kwenye mwanga hafifu akimuwaza mjukuu. Aibu unayoisikia haitoki kwenye kitambaa, inatoka kwenye wingi, tumezoea kuviona thelathini vimetandikwa mpaka juu ya friji na redio. Chukua kimoja, kizuri kuliko vyote, kitandaze juu ya kitambaa cha rangi iliyokolea, bluu ya usiku au kahawia, ukitie kwenye fremu yenye kioo, ukitundike sebuleni peke yake. Nyeupe juu ya giza, kila tundu linaonekana. Viwili vingine viweke kwenye migongo ya makochi, vilivyobaki vipumzike, uwe unabadilisha. Akija siku akakuta kazi yake iko kwenye kioo, hutahitaji kumwambia kitu.

Tulip achana nayo. Kitunguu chake kinahitaji wiki kama 12 mpaka 16 za baridi, nyuzi kama 5 hadi 9 hivi, ndo ua la ndani liamke, na Kigoma hata usiku wa Julai hamfiki huko. Kuna wanaovidanganya kwenye friji lakini ukiviweka pamoja na matunda ile hewa ya matunda yanayoiva inaua ua ndani ya kitunguu, na mwaka unaofuata unaanza upya. Kama unataka ua la kitunguu, tunalo letu porini, lile linalochomoza mvua za kwanza zikinyesha, mpira mwekundu kama ngumi juu ya bua moja, Ulaya wanalinunua kama ua la chungu. Ila lina sumu, kwa hiyo kwa nyumba yenye mtoto atakayeanza kutambaa si muda mrefu mimi ningepanda waridi na yasmini kwenye madumu ya mawese yaliyokatwa, basi.

Sasa ukuta. Fundi wako amekupotosha mdogo wangu, na nasema hivyo kwa uchungu manake nimeiona nyumba moja hapa Tabora ikifanyiwa hivyohivyo, wolpepa ya plastiki juu ya chumvi, mvua zilipoingia ikaanza kuvimba, tulipoibandua nyuma yake kulikuwa kweusi kwa fangasi na watoto walikuwa wanalala hapo. Chumvi yenyewe ni dalili tu. Maji yanapanda kutoka ardhini kupitia vitundu vidogo vya tofali, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi, yanabeba chumvi, yakifika usoni yanakauka chumvi inabaki, inakua, inasukuma rangi mpaka inabanduka. Ukiziba na plastiki maji hayakati tamaa, yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea.

Jaribu hivi kwanza, kata kipande cha nailoni cha ukubwa wa sahani, kibandike ukutani kwa solotepu pande zote nne, kiache siku mbili. Ukikuta unyevu upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani. Ukikuta upande wa nje ni hewa ya chumba tu, fungua madirisha. Kama ni ukuta, zunguka nje uangalie, je udongo umerundikana juu ya msingi, maji ya bati yanadondokea hapohapo, kuna bomba au bafu upande wa pili? Mara nyingi ni moja ya hayo na dawa yake ni jembe na mfereji. Chumvi isugue kwa brashi kavu, usioshe na maji, maji yanairudisha ndani. Acha ukauke kiangazi kizima halafu upake chokaa, chokaa inauacha ukuta upumue. Lakini kama udongo na maji ya bati viko sawa na bado unalowa, pengine ile nailoni ya kwenye msingi ya kuzuia maji yasipande haikuwekwa wakati wa kujenga, hapo ita fundi mwashi mwingine aje auone kwa macho, picha za simu hazitoshi, na asikupe bei kabla hajagusa. Na mtoto akiwa anakohoa au kifua kinapiga filimbi, mhamishie chumba kingine leo na umpeleke hospitali, usisubiri ukuta.

Kwa hiyo maua yako yaende kwenye ukuta ulio mkavu, uliosimama mbali na ule wa chumvi, na kazi ianze na karatasi na mkasi ambavyo bila shaka unavyo. Eksirei na wembe mpe baba mtoto, mwambie akate hilo ua la mwembe yeye, mkono wake utakuwa na nguvu kuliko wako na kukata stensili kunataka mkono wenye nguvu.